Goti la Mkimbiaji na Pointi za Fantasi: Maswali ya Wasomaji

Tangu tuanze kuandika juu ya ligi za fantasi za futiboli ya Kimarekani, barua nyingi tunazopokea zinahusu nafasi moja uwanjani na kiungo kimoja cha mwili. Nafasi hiyo ni ya mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) na kuusogeza mbele kwa miguu yake katikati ya wanaume wenye uzito wa zaidi ya kilo mia moja; kiungo hicho ni goti lake. Safu ya leo nimeitoa yote kwa barua hizo. Kwa msomaji mgeni, inatosha kusema kwamba katika ligi ya fantasi kila mshiriki huunda timu ya kufikirika kwa kuchagua, kwa zamu na raundi kwa raundi, wachezaji halisi wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kisha huvuna pointi kutokana na yale wanayoyafanya uwanjani kila wiki. Katika hesabu zangu yadi 10 ni pointi 1, tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, na kila pasi iliyodakwa ni pointi 1, ingawa ziko ligi nyingi zinazotoa nusu pointi kwa pasi au zisizotoa kitu.

*Mwaka 2021 nilimchagua mkimbiaji Saquon Barkley katika raundi ya kwanza kwa sababu kila taarifa ilisema goti lake limepona. Nilimaliza msimu nikiwa wa mwisho katika ligi ya watu kumi. Mwaka uliofuata nilimkwepa, shemeji yangu akamchukua katika raundi ya pili na kutwaa ubingwa, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha. Sasa kuna mkimbiaji mwingine mwenye jina kubwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti msimu uliopita, na zamu yangu ya kuchagua inakaribia. Nimchukue au nimwache?*
— Wa Mkiani

Ndugu yangu, kuwaamini madaktari halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchukulia kwamba mtu aliyeruhusiwa kucheza ni mtu aliyerudia hali yake ya zamani. Madaktari hujibu swali la kwanza, nalo ni kama goti linaweza kubeba mchezo. Swali la pili, kwamba litabeba mipira mingapi na kwa kasi gani, hujibiwa uwanjani, na jibu lake huchukua miezi.

Tuifuate safari ya Barkley mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza. Goti lake la kulia liliumia Chicago tarehe 20 Septemba 2020, katika mechi ya pili tu ya msimu, akiwa na New York Giants na umri wa miaka 23. Upasuaji ulifanyika tarehe 30 Oktoba, siku 40 baadaye, kwa maana goti lililovimba halikimbiliwi na kisu. Husubiriwa uvimbe upungue na kano za pembeni zitulie. Msimu mpya ulipofunguliwa Septemba 2021, alikuwa amekaa miezi kumi na nusu tangu alale kitandani pa upasuaji. Dhidi ya Denver alipewa mpira mara 10 akapata yadi 26, ambazo katika daftari lako ni pointi 2.6. Wiki ya nne, kule New Orleans, alipata yadi 52 kwa kukimbia na 74 kwa kudaka, akafunga na tachidauni ya ushindi katika muda wa nyongeza, nawe bila shaka ulilala usiku huo ukijiona nabii. Wiki iliyofuata huko Dallas alikanyaga mguu wa mpinzani, kifundo kikavimba mbele ya macho ya watazamaji, na akakosa mechi nne. Kifundo kile sitalisingizia goti, maana ni ajali ambayo ingeweza kumpata mtu yeyote. Hata hivyo, kabla ya ajali na baada yake, alikuwa mkimbiaji wa wastani wa yadi 3.7 kila aliposhika mpira. Alimaliza na yadi 593, na kwa hesabu yetu karibu pointi 150 katika mechi 13, ilhali mwaka 2018, akiwa chipukizi mwenye magoti mazima, alikuwa amevuka 380.

Ndipo ukaja mwaka 2022, ambao wewe ulimkwepa. Alikimbia yadi 1,312, akafunga tachidauni 10, na akavuka pointi 280. Shemeji yako hakuwa na siri yoyote. Alimnunua mchezaji yuleyule katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati bei yake, yaani raundi ambayo watu walikuwa tayari kumchukua, bado ilikuwa imebeba hasira za watu kama wewe. Na kama alikuwa na subira zaidi, mwaka 2024 angemkuta akiwa na Philadelphia Eagles, akikimbia yadi 2,005 na kuingia katika orodha fupi mno ya waliowahi kuvuka 2,000 katika msimu mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba huyo wako wa sasa umchukue, lakini kwa bei ya mwaka wa kwanza. Katika ligi ya watu kumi, mkimbiaji nyota aliyefanyiwa upasuaji wa kano kuu ya goti msimu uliopita mimi simgusi kabla ya raundi ya nne, hata kama jina lake linanitazama kutoka juu ya orodha. Tazama pia tarehe ya upasuaji kabla ya kutazama video za mazoezi. Aliyeumia Septemba au Oktoba atafika kwenye mechi ya kwanza akiwa na miezi kumi au kumi na moja mkononi. Aliyeumia Desemba atakuwa na minane au tisa, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukiona raundi ya nne imepita na hayupo tena, basi mwenzako ameamua kulipa bei ya mwaka wa pili mapema, na usimfuate.

*Mfupa ukivunjika hufungwa plasta na baada ya miezi michache mtu hutembea. Kwa nini goti lichukue karibu mwaka mzima? Ndani yake kuna nini hasa?*
— Mwenye Kutaka Kujua

Mfupa ukivunjika hujiunga wenyewe. Kano ya mbele ya goti, ile inayotajwa kila siku kwa herufi ACL, kwa kawaida ikikatika kabisa haijiungi, kwa sababu imekaa katikati ya kiungo chenye majimaji yanayozuia ncha mbili zilizoachana zishikane. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele ya mfupa wa paja na usijizungushe kupita kiasi. Mkimbiaji anapokita mguu chini na kugeuka ghafla ili kumwacha mkabaji akikumbatia hewa, kano hiyo ndiyo inayobeba mzigo, na ndiyo maana mara nyingi hukatika bila mtu yeyote kumgusa.

Daktari wa upasuaji hutengeneza kano nyingine badala ya kuishona ile iliyokatika. Huchukua ukanda wa kano iliyo chini ya pia ya goti, pamoja na vipande vidogo vya mfupa katika ncha zake, au huchukua kano kutoka nyuma ya paja au juu ya pia ya goti. Kisha hutoboa mifereji katika mfupa wa paja na wa ugoko, akaupitisha ukanda huo na kuukaza. Kipandikizi kinapowekwa hakina damu inayokilisha. Mwili hukitumia kama kiunzi, ukaingiza mishipa midogo ya damu na chembehai mpya, na katika ujenzi huo kipandikizi hudhoofika kwanza kabla ya kupata nguvu. Hapo ndipo penye mtego. Karibu na mwezi wa tatu mgonjwa hujisikia vizuri, uvimbe umekwisha, ngazi anapanda bila kushika ukuta, na ni wakati huohuo ambapo kile kilichomo ndani ya goti lake bado ni dhaifu sana. Ujenzi wenyewe unaweza kuendelea mwaka mmoja na hata zaidi.

Watu hufikiri kurudi kunaanza na kukimbia, lakini wiki za mwanzo hupita katika mambo ambayo mtu mzima anaweza kuyaonea aibu. Mchezaji anayeweza kuinua chuma cha kilo mia mbili hulazwa chali, taulo lililokunjwa likawekwa chini ya kisigino, akaambiwa abane paja na kulisukuma goti chini mpaka linyooke. Msuli wa mbele ya paja huwa kama umezimwa. Anauamuru nao hausikii, na mtaalamu wa tiba ya viungo huweka kidole juu yake kusubiri utikisike. Ukitikisika, siku hiyo imefaulu. Miezi baadaye huja vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja, ambapo umbali wa mguu uliopasuliwa hulinganishwa na ule mzima, na kiwango kinachotafutwa kwa kawaida ni asilimia 90 au zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya wagonjwa wa upasuaji huu ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi kwenye michezo, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Jambo hilo likumbuke kila unapomsikia kocha akijisifu kwamba kijana wake yuko mbele ya ratiba.

Usisahau pia kuuliza ni kano ipi. Kano ya upande wa ndani ikivutika kidogo hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, na hata ikichanika zaidi mara nyingi haihitaji kisu. Gegedu inayokaa kati ya mifupa miwili ina njia mbili: ikipunguzwa kipande kilichochanika, mchezaji anaweza kurudi msimu huohuo baada ya wiki chache, ikishonwa, hutembea na magongo kwa wiki kadhaa na safari huwa ndefu, ingawa goti lake la uzeeni litamshukuru. Kichwa cha habari kinachosema tu kwamba fulani "ameumia goti" kinaweza kuwa na maana ya siku kumi au ya mwaka mzima, na mimi simwachii mtu mchezaji wangu kwa kichwa cha habari.

*Mnatutisha na hadithi za mwaka mzima. Mbona Adrian Peterson alirudi haraka na kuwa mchezaji bora wa ligi?*
— Mshabiki wa Minnesota

Alirudi, na mimi nina kidonda changu katika hadithi hiyo. Peterson, mkimbiaji wa Minnesota Vikings, alikatika kano mbili za goti la kushoto tarehe 24 Desemba 2011, akapasuliwa kabla ya mwaka kwisha, na tarehe 9 Septemba 2012 alikuwa uwanjani dhidi ya Jacksonville akipata yadi 84 na tachidauni mbili. Alimaliza msimu na yadi 2,097, pungufu ya yadi 8 tu kuifikia rekodi ya 2,105 iliyowekwa na Eric Dickerson mwaka 1984, na akapewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa na kila mtu.

Sehemu isiyosimuliwa ni mgawanyo wa yadi hizo. Katika mechi sita za kwanza alipata 499, na ni mara moja tu alivuka 100. Katika mechi kumi zilizobaki alipata 1,598. Hata mtu ambaye mwili wake ulionekana kuwa wa chuma alihitaji mwezi mmoja na nusu wa mechi za kweli kabla ya goti kukubali. Mimi nilikuwa naye msimu ule. Baada ya mechi ya tano nilimbadilisha na kwotabeki ambaye jina lake sitaliandika hapa, nikijipongeza kwa kumtoa kabla bei haijashuka.

Breece Hall wa New York Jets anafundisha jambo lilelile kwa namna iliyo wazi zaidi. Kano yake ilikatika Denver mwezi Oktoba 2022, akiwa katika msimu wake wa kwanza. Alirudi mechi ya ufunguzi ya 2023 dhidi ya Buffalo na kupata yadi 127, moja ya mbio zake ikiwa ya yadi 83. Ukisoma namba hiyo peke yake utasema amepona, lakini alikuwa amepewa mpira mara 10 tu. Wiki iliyofuata alipewa mara 4 na kupata yadi 9, na walioikimbilia ile 127 walikula pointi 0.9 za mbio. Makocha walikuwa wakimpimia mipira kama dawa. Wiki ya tano, katika uwanja uleule wa Denver alikoumia, vizuizi viliondolewa. Alipewa mara 22, akakimbia yadi 177 na tachidauni moja, jumla ya pointi 23.7 za mbio. Goti halikubadilika sana kati ya wiki ya nne na ya tano, kilichobadilika ni idadi ya mara alizokabidhiwa mpira. Ndiyo sababu kila Jumatatu natazama idadi hiyo kabla ya yadi, na pale inapopanda wiki mbili mfululizo ndipo ninapoanza kumtumia mwenye mchezaji huyo ujumbe wa kirafiki.

Kwa upande wa pili wa mizani yuko Javonte Williams, aliyeumia Oktoba 2022 pia akiwa na Denver, lakini yeye hakukatika ACL peke yake. Kano za upande wa nje wa goti nazo zilikwenda. Mwaka 2023 aliwahi mechi ya kwanza kama Hall, akacheza karibu msimu wote, na wastani wake ukawa yadi 3.6. Ilimchukua hadi 2025, akiwa na Dallas Cowboys, kuvuka yadi 1,000 katika msimu. Waliumia mwezi mmoja, mwaka mmoja, lakini majeraha tofauti. Waliowanunua kwa bei sawa hawakusoma mstari wa pili wa taarifa ya daktari.

*Naomba kueleweshwa maneno ya taarifa za majeruhi. Mchezaji wangu ameandikwa kwenye orodha ya wasioweza kushiriki mazoezi. Nimtupe?*
— Mpya Kwenye Ligi

Usimtupe kama ligi yenu ina nafasi ya majeruhi. Mchezaji wa NFL anayeanza msimu akiwa kwenye orodha ile ya wasio tayari kimwili, maarufu kwa herufi PUP, hukosa angalau mechi nne za kwanza. Zamani zilikuwa sita. Akianza tena mazoezi, klabu ina siku 21 za kuamua kama inamrudisha kikosini. Katika wiki za kawaida, soma taarifa za mazoezi za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa kwa pamoja: anayepumzishwa Jumatano na kufanya mazoezi kamili Ijumaa kwa kawaida hucheza, anayefanya kinyume chake ni wa kuogopwa. Majina ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla ya mechi kuanza, kwa hiyo simu iwe karibu.

*Je, ni busara kila mwenye nyota wa magoti mabovu kumchukua na naibu wake?*
— Mtahadhari

Wakati mwingine, na si kwa bei yoyote. Nick Chubb alipoumia Septemba 2023, Jerome Ford aliyekuwa nyuma yake Cleveland alipata kazi siku hiyohiyo, na walioamka mapema Jumanne kumchukua walifaidika. Lakini Hall alipoumia 2022, Jets walimleta James Robinson kutoka Jacksonville mara moja, watu wakamwaga juu yake bajeti zao zote za kusajili wachezaji wa ligi ya fantasi, naye hakuwa na msimu wowote wa kusimulia. Aliyekuja kuonekana baadaye ni Zonovan Knight, ambaye hakuna aliyekuwa akimwota. Unachokinunua kwa naibu ni nafasi ya kazi, na nafasi hiyo klabu inaweza kumpa mtu ambaye leo hayuko hata kwenye orodha yao. Mimi humchukua naibu pale tu anapokuwa tayari anapewa mipira kadhaa kila wiki hata nyota akiwa mzima.

*Ligi yetu haivunjwi. Mchezaji ukimchukua ni wako miaka yote. Nimepewa ofa ya mkimbiaji wa miaka 25 ambaye goti lake lilipasuliwa akiwa chuoni na tangu hapo amekuwa moto. Mwenye kumuuza anasema hilo ni jambo la kale.*
— Mwekezaji

Mwambie akusimulie habari za Todd Gurley. Kano yake ilikatika Novemba 2014 akiwa Chuo Kikuu cha Georgia, na bado klabu ya Rams ilimchagua wa 10 miongoni mwa wachezaji wapya wa mwaka 2015. Mwaka 2017 alikuwa mshambuliaji bora wa mwaka, na 2018 alisaini mkataba wenye dola milioni 45 zilizodhaminiwa, akafunga tachidauni 21 msimu huohuo. Mwishoni mwa msimu ule goti likaanza kulalamika. Katika mechi ya ubingwa wa kanda yake alipewa mpira mara 4 tu, akapata yadi 10, mbele ya watu walioshindwa kuelewa kwa nini nyota amekaa benchi. Machi 2020 Rams walimwacha, akacheza msimu mmoja Atlanta, na mechi yake ya mwisho ya NFL aliicheza akiwa na miaka 26.

Kano mpya inaweza kuwa imara kabisa na goti likazeeka vilevile, kwa maana gegedu iliyoumizwa siku ya ajali haitengenezwi upya na upasuaji, na kila msimu wa kukabwa mara mia tatu huisaga kidogo. Kwa haki lazima nikutajie pia Frank Gore, aliyekatika kano za magoti yote mawili akiwa chuoni Miami na bado akakimbia yadi 16,000 katika NFL. Kwa kila Gore, hata hivyo, nimeona makumi ya watu waliokwisha wakiwa na miaka 27 au 28 bila hata kuumia. Katika ligi ya kudumu mkimbiaji wa miaka 25 ni mali ya kuuzwa msimu huu au ujao, na mwenye kukuuzia anajua hivyo. Kama timu yako inawania ubingwa mwaka huu, mchukue na umpe kijana wa baadaye. Kama unajenga, mwache aendelee kumiliki jambo lake la kale.

*Wakati mwingine naona haya. Mtu anabebwa kwenye machela, nami mkononi nina simu natafuta wa kumwondoa. Wewe unafanyaje?*
— Bila Jina

Natafuta wa kumwondoa kama wewe, na naona haya kama wewe. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2023 huko Pittsburgh, goti la kushoto la Chubb lilipokunjika, watangazaji wa televisheni walikataa kurudia picha kwa jinsi ilivyokuwa, na lilikuwa goti lilelile lililokatika kano kadhaa mwaka 2015 akiwa Georgia. Nilikuwa naye kikosini. Nilimhamishia kwenye nafasi ya majeruhi kabla hajafikishwa vyumbani, kisha nikakaa kimya na simu mikononi nikijiuliza nimefanya nini.

Alipasuliwa mara mbili. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 2024, miezi kumi na mitatu baadaye, aliporudi uwanjani Cleveland dhidi ya Cincinnati, katika mechi ambayo kwotabeki wake Deshaun Watson naye alikatika kano ya kisigino. Watazamaji walimpokea kwa shangwe. Alipewa mpira mara 11, akapata yadi 22, na moja kati ya hizo mbio fupi ilikuwa tachidauni. Nilikuwa sijamweka kwenye kikosi cha wiki ile, kwa sababu ushauri ninaowapa nyinyi huufuata na mimi. Pointi zake 8.2 zilibaki benchi, na niliziacha zisomeke pale mpaka programu ilipofunga wiki.